Kiboksi Kilichopanda Mawinguni na Namba Yangu

Wale mliokwisha kuiona ile video, ndiyo, yule mwanamke mwenye koti la zambarau na mtandio wa maua anayekimbia uwanjani amekumbatia kiboksi cheupe ni mimi, Zuhura, na sitaki tena mtu anitumie ujumbe kuniuliza eti "Bi Zuhura, huyu siyo wewe?", ni mimi, nimekubali, haya yaishe. Lakini video ile ni ya dakika moja tu, na kwenye hiyo dakika mnaniona nacheka. Aibu yenyewe ilikuja baadaye, haikurekodiwa (Alhamdulillah), na mpaka leo nikiikumbuka niko peke yangu jikoni nashtukia nimesema "Ah!" kwa sauti, jirani anagonga ukuta kuniuliza kulikoni.

Sasa leo nawasimulia yote, na msinikatishe.

Mnajua kazi yangu. Mwaka wa kumi na moja huu niko Guangzhou, China, nanunua jinzi Xintang, pembeni ya mji, napeleka Kariakoo, na pembeni nawafungia mizigo Watanzania wenzangu wanaokuja wiki moja kununua nguo Zhanqian Road halafu wanarudi nyumbani. Kwenye kufunga mzigo, jamani, sijisifu lakini najisifu, mzigo nikishaufunga mimi unaweza kudondoka bandarini, ukanyeshewa, ukakaliwa na mizigo mingine mwezi mzima baharini, na ukifika Dar utaukuta vile vile kama nilivyouacha. Sheria zangu ni tatu na wateja wangu wanazijua kwa moyo: tundu zote zizibwe, alama ya mwenye mzigo ibandikwe, na selotepu ipite juu ya alama ili mvua isiifute. Kitu chochote kisichokuwa na hayo matatu hakitoki mikononi mwangu, hata kiwe cha nani. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Basi nina mtoto wa dada yangu, Hanifa, yuko hapa hapa Guangzhou anasoma udaktari, siyo wa kuchoma sindano, ule wa vitabu. Dada yangu yuko Tanga, na kila Ijumaa baada ya swala ananipigia: "Zuhura, huyo mtoto hana mtu huko ila wewe." Na mimi maneno hayo nimeyabeba kichwani kama ndoo, nampelekea pilau, namnunulia soksi, namuuliza kama amelala, mpaka nadhani alikuwa ananikimbia kidogo lakini kwa adabu.

Siku moja alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Huanshi Zhonglu, tunakula, nikamuuliza hivi mwanangu hasa unasoma nini, maana mama yako nikimwambia "mawingu" anadhani nimemficha jambo. Akaweka kijiko chini.

"Mama mdogo, huko juu wakati wa baridi kuna maji yenye ubaridi kuliko barafu, na bado ni maji."

"Hanifa, usinifanye mtoto. Maji yakipoa hivyo ni barafu."

"Siyo yote. Kuna vitone vidogo sana ndani ya wingu vinabaki maji, vinasubiri tu kitu cha kuvigusa. Ndege ikipita vinaganda papo hapo kwenye bawa. Bawa likijaa barafu, ndege inakuwa nzito na haikai vizuri hewani. Nyaya za umeme milimani nazo ndivyo zinavyokatika."

Mwenzenu nikaacha kula (mimi napanda ndege mara ngapi kwa mwaka!), nikamuuliza sasa mnajuaje vitone viko wapi. Akanieleza kwamba wanarusha puto kubwa, chini yake wananing'iniza kiboksi, na ubavuni mwa kiboksi kuna waya moja imesimama nje, hiyo waya inatetemeka muda wote. Ikiingia kwenye wingu lenye maji ya aina ile, barafu inaishika, inakuwa nzito, basi inatetemeka polepole zaidi, na wao huku chini wanasoma kwenye kompyuta imepunguza mwendo kiasi gani, ndiyo wanajua kuna maji kiasi gani. Nikasema kumbe mnapima wingu kwa mzani! Akacheka akasema karibu hivyo. Nilifurahi mno, maana mimi na mizani tunajuana, nikajiona na mimi ni mwanasayansi.

Yeye alihitaji mawingu manne ya namna nne. Matatu alikuwa ameshayapata. La nne lilikuwa wingu fulani la juu linalokuja na baridi kali tu, na profesa wake, Profesa Liang, mzee mmoja mpole wa kuongea kwa nukta, alikuwa amemwambia bila hilo la nne, sura nzima ya kitabu chake cha udaktari haina miguu. Na mwezi wa sita ufadhili unakwisha. Kwa hiyo likimpita wingu la msimu huo limempita.

Haya, baridi ikaja. Mnaoijua baridi ya Guangzhou mnajua haina theluji wala nini, ina unyevu, inakuingia kwenye magoti, na nyumba hazina moto, unakaa sebuleni na koti. Alfajiri moja simu inalia, ni Hanifa: gari la chuo limegoma kuwaka, kibali cha kurusha puto wamepewa cha asubuhi ile tu, kwa saa moja tu, kwa sababu ya njia za ndege, na uwanja walioruhusiwa uko Xintang. "Mama mdogo, lile gari unalobebea jinzi..."

Hata hakumaliza. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Nilimwamsha dereva wangu, tukapita chuoni tukapakia mtungi wa gesi, kompyuta, maboksi, tukampakia Profesa Liang, Hanifa, na mwanafunzi mwenzake wa Kichina anaitwa Wen, binti mwenye miwani na maneno machache, ambaye ndiye anayezitengeneza zile waya kwa mkono wake. Alikuwa na moja tu iliyobaki. Moja. Njia nzima aliishika kwenye mapaja.

Na mimi kwa kimbelembele changu, tukiwa njiani nikampigia Bibi Huang, mwenye karakana ninayonunua jinzi, maana uwanja wenyewe uko nyuma ya karakana yake, nikamwambia njoo uone mtoto wangu anavyopima mawingu. Nilitaka tu anione na mimi nina mtu wa maana. Tunafika, Bibi Huang ametoka na wafanyakazi kama ishirini hivi, wengine na mikasi mkononi, simu juu, wanarekodi. Alitupa na chumba kimoja cha karakana tuweke kompyuta. Nikawa napita kifua mbele, natoa amri ambazo hakuna aliyeniomba.

Kiboksi wakakiweka juu ya meza, nje, chini ya mwavuli. Wen akakikagua, Hanifa akakikagua, wakaenda kwenye kompyuta wakaona waya inatetemeka vizuri. Halafu Hanifa akanishika mkono.

"Mama mdogo, naomba kitu kimoja. Kiangalie kisianguke, lakini usikiguse."

"Mimi? Nikiguse cha nini?" (Nilichukia kidogo, nisiseme uongo.)

Wakaenda kujaza puto gesi nyuma ya turubai la kukinga upepo. Profesa akawa anazunguka na simu anasubiri watu wa anga wampe ruhusa ya mwisho. Mimi na kiboksi tukabaki tunatazamana.

Na mvua ya rasharasha ikaanza, upepo unaipeleka mpaka chini ya mwavuli.

Jamani, nikakitazama. Kiboksi chenyewe ni cha yale maboya meupe ya kupakia televisheni, chepesi, ubavuni kina tundu, na kwenye tundu imechomoza waya nyembamba ndefu kama kidole cha kati, haina kifuniko, haina kitu. Juu kumebandikwa kikaratasi chenye herufi za Kichina ndogo kama sisimizi, zimeshaanza kuchuruzika kwa maji. Nikajisemea, hiki kitu kinakwenda mawinguni, kwenye barafu na upepo, halafu kinaanguka huko kusikojulikana (Hanifa alishaniambia vingi havirudi, vinapotelea mashambani), na kinakwenda hivi, wazi, kina tundu, hakina alama? Hawa watoto wana elimu lakini mzigo hawajui kufunga. Hakuna aliyewafundisha.

Wanawake wengine kwenye mkoba wana poda. Mimi nina selotepu nyeupe ile pana na kalamu ya wino mzito.

Nilianza na alama tu, wallahi nilitaka alama tu. Nikachana karatasi nikaandika ZUHURA KARIAKOO DSM, chini nikaweka namba yangu ya simu, na mshale wa kuonyesha upande wa juu, nikaibandika pale pale juu ya kile kikaratasi kilichokuwa kinavuja. Sasa alama bila selotepu juu yake ni kazi bure, nikapitisha mzunguko mmoja. Mzunguko wa kwanza ukafika kwenye tundu, nikasema siwezi kuziba nusu. Ile waya nikailaza taratibu kwa kidole, ikakubali, nikaipitishia selotepu juu isije ikavunjika. Nikazungusha tena. Kulikuwa na kitu kingine kimechomoza juu, hicho nilikiacha, nilidhani ni antena (kumbe ndicho kipima joto na unyevu, bahati yake). Nilipomaliza nilikuwa nimezungusha mara saba. Nikakigongagonga kiboksi, kikatoa ule mlio wa mzigo uliofungwa, na nikaona raha moyoni.

Sijakiweka hata mezani, Profesa anapiga kelele kutoka mlangoni: ruhusa imetoka, dakika kumi! Basi ikawa tafrani. Hanifa na Wen wanatoka na puto kubwa kuwashinda kimo, upepo unalivuta, Wen miwani imejaa mvua haoni mbele, Hanifa amelikumbatia anapiga yowe, "Mama mdogo! Kilete! Kilete!" Na hapo ndipo ile video inapoanzia. Nikakimbia nimekikumbatia kiboksi, upande wenye alama kifuani, selotepu yenyewe nyeupe haionekani kwa mbali, Wen akapapasa kamba akachomeka kulabu macho yote yako kwenye puto, Hanifa akahesabu, "Achia!" Nikaachia. Likapaa. Wafanyakazi wakashangilia, Bibi Huang akanikumbatia, mimi nacheka kama bibi harusi.

Tukaingia ndani kuangalia kompyuta. Profesa amekaa mbele, sisi wote nyuma yake, na dirishani vichwa vya mafundi cherehani. Kulikuwa na mistari mitatu. Wa joto unashuka vizuri. Wa unyevu unapanda vizuri. Wa tatu, ule wa waya, umelala kama barabara ya lami.

Puto likaingia kwenye wingu, unyevu ukajaa, joto likapita sifuri likaenda chini zaidi, pale pale walipopataka, wingu lenyewe lile la nne wanalolitafuta liko pale linapita, na ule mstari haujishughulishi. Hanifa alikuwa anausogelea mpaka pua inakaribia kioo.

"Haitetemeki kabisa," Profesa akasema. Akamgeukia Wen. "Uliibana vibaya?"

"Asubuhi ilitetemeka," Wen akasema, shingo imekuwa nyekundu. "Sote tuliiona."

"Basi uliibana vibaya ikalegea."

Wen akainama. Na Hanifa, bila kuondoa macho kwenye kioo, akasema polepole, "Siyo kulegea. Ni kama kuna kitu kimeishika."

Hapo ndipo nilipojua. Mpaka dakika ile sikuwa nimejua, naapa, nilidhani mimi nimesaidia. Lakini aliposema "kuna kitu kimeishika" mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkoba ukaifunika selotepu, kana kwamba ingeweza kusema.

Sasa nisikilizeni, maana kufunga kiboksi ni ujinga, na ujinga unasameheka. Kilichofuata siyo ujinga. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Puto lilikuwa bado linapanda, Wen ameinamisha kichwa kwa kosa ambalo si lake, na mimi Zuhura, ambaye sokoni nikinyamaza watu wanauliza kama naumwa, nilikwenda kumimina chai. Nilimimina vikombe vyote. Nikampa Profesa kwa mikono miwili kwa heshima. Halafu, kwa sababu shetani hakuwa amemaliza kazi, nikafungua mdomo nikasema, "Labda ni baridi imezidi."

Hanifa akanitazama kwa upole. "Mama mdogo, baridi ndiyo tunayoitafuta."

Nikarudi kwenye birika. Puto likapanda likapasuka huko juu, kiboksi kikaanza kushuka na mwavuli wake wa kushukia, mistari ikakatika. Profesa akavua miwani akajisugua macho. Akasema bila hasira kwamba baridi inaondoka jioni ile, waya nyingine hakuna, kibali kingine hakuna, kwa hiyo itabidi iwe mawingu matatu. Wen akataka kusema kitu, Hanifa akamkatiza: "Si kosa la Wen. Mtu wa mwisho kukikagua ni mimi. Ni kosa langu."

Akavua glavu, kidole kimoja kimoja. Halafu akanigeukia, akasema kwa Kiswahili ili wenzake wasielewe, sauti ndogo kabisa:

"Mama mdogo, naomba usimwambie mama. Atalia."

Na mimi mnajua nilijibu nini? Nilisema, "Sitamwambia, mwanangu." Nikamshika bega. Nikamfariji! Nimemvunjia mtoto kazi ya miaka, nimemwacha aibebe lawama mbele ya mwalimu wake, na mimi ndiye ninayempigapiga begani. Hata sasa nikiuangalia mkono huu wa kulia nauonea aibu.

Tukakaa pale muda mrefu, wanapakia vitu, wafanyakazi wengine wamerudi kazini, Bibi Huang ameleta tambi za moto kwa ajili ya huzuni. Mara simu yangu ikalia. Namba ngeni. Sasa sisi wafanyabiashara, simu hatuweki sikioni, mkono mmoja umeshika kitambaa mwingine kikokotoo, simu inalazwa mezani, spika inafunguliwa, dunia nzima inasikia. Nikafanya hivyo hivyo kwa mazoea, nikaiweka katikati ya bakuli za tambi.

"Wei?" Ndiyo haloo yao hiyo, sauti ya mzee, ya shamba, Kichina kizito. Nilishika neno moja moja. Bibi Huang, ambaye naye kwao ni shamba, akaanza kunirudia kila neno kwa Kichina chepesi, kwa sauti ya karakana, ile ya kuzidi kelele za mashine, na chumba kizima kikawa kinasikia.

"Anasema yeye ana shamba la machungwa! Anasema kuna mzigo wako umeanguka juu ya mchungwa wake, una mwavuli! Anauliza wewe ndiye mwenye namba hii?"

Profesa akasimamisha vijiti hewani.

Nilijaribu kuizima simu. Mungu ni shahidi yangu, nilinyoosha kidole kuizima, nikagonga bakuli la mchuzi, mchuzi ukamwagika mezani, Bibi Huang akaiokoa simu akaishika juu, na mzee wa machungwa anaendelea.

"Anasema amejaribu kuufungua ajue ni kitu gani, ameshindwa! Anasema hajawahi kuona mzigo uliofungwa vizuri namna hii!" Na Bibi Huang, maskini ya Mungu, akafurahi kwa ajili yangu, akawageukia wote, "Ndivyo anavyofunga huyu! Miaka yote hii hakuna mzigo wake hata mmoja uliowahi kufunguka!"

"Anasema kuna waya imenasa ndani ya selotepu. Anauliza aikate?"

"Asikate!" Wen akapiga kelele. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nilisikia sauti yake ikipanda.

Yule mzee akanitafuta WeChat kwa ile namba, akatuma picha. Bibi Huang akampa Profesa simu. Profesa akaitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili, akampa Wen, Wen akampa Hanifa. Sikuhitaji kuiona. Herufi zangu nazijua, nimeziandika kwenye maelfu ya mizigo. Nilitamani ile sakafu ya karakana ipasuke inimeze na koti langu la zambarau.

Profesa hakunifokea. Laiti angenifokea. Alifungua daftari lake akaniuliza kwa upole, kama anavyouliza kitu cha kawaida, "Mizunguko mingapi?"

"Saba," nikasema.

Akaandika saba.

Hanifa alikuwa bado ameshika simu. "Mama mdogo," akasema, "ulijua? Tulipokuwa hapa tunaangalia kompyuta, ulijua?"

Ningeweza kudanganya. Niliona kabisa uongo umekaa tayari ulimini. "Nilijua," nikasema. "Uliposema kuna kitu kimeishika."

Akatikisa kichwa taratibu, akaniwekea simu yangu mezani mbali na mchuzi, akatoka. Hakugonga mlango. Nikabaki na Wen. Kichina changu ni cha sokoni, nina maneno ya bei, ya ubora, ya "hakuna" na "punguza kidogo", sina maneno ya kumwomba mtu radhi kwa sababu umekaa na chai mkononi ukamtazama akisingiziwa. Nilisema "samahani" ile moja ninayoijua, nikairudia mara nne, tano, machozi yananitoka. Akanipa tishu. Hakusema imekwisha, na alikuwa na haki yake.

Jioni ile ile video ikaanza kuzunguka kwenye kundi la Watanzania, mtu aliyesikia habari ya selotepu kwa dereva wangu akaniita Mama Selotepu, kila mtu akacheka, na sikujibu kitu, maana walikuwa wananicheka kwa kosa dogo na lile kubwa hawalijui.

Ijumaa dada akapiga. Nilimwambia mwenyewe, nikavunja na ile ahadi, kwa sababu niliona nikiificha na hiyo nitakuwa siko tena upande wa mtu yeyote isipokuwa wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Zuhura, mimi nilikwambia umwangalie mtoto. Sikukwambia umshikie kazi yake." Akakata. Dada yangu hajawahi kunikatia simu.

Hanifa hakuja kwangu zaidi ya miezi miwili. Nilikuwa natuma pilau kwa dereva, vyombo vinarudi vimeoshwa, hakuna neno. Alipokuja hatimaye ilikuwa karibu na mwezi wa sita, amebeba kitabu chake kimechapwa na kubanwa, kinene. Amefaulu. Kwa mawingu matatu. Lile la nne ameliandika kama swali, watalifuata wengine wenye majira ya baridi ya kutosha, yeye hana tena. Nilimkumbatia nikalia, naye akaniacha nilie.

Halafu nikamwomba anionyeshe ukurasa wa siku ile. Hakutaka, nikamng'ang'ania. Ni jedwali, lina mistari minne, kila puto na mstari wake. Akanisomea wa nne kwa Kiswahili, kidole kinapita juu ya herufi: "Data ya waya haikupatikana. Sababu: mtafiti hakukikagua tena kifaa kabla ya kukiachia."

"Hanifa, hapo futa. Andika ni mimi."

"Kifaa kilikuwa changu, mama mdogo. Kukikagua ni kazi yangu. Hiyo ni kweli, sijakupendelea."

"Na kunyamaza kwangu?"

Akakifunga kitabu. Akafikiri kidogo, kwa ile tabia yake ya kutojibu kitu asichokuwa na hakika nacho.

"Jedwali halina safu ya hilo," akasema.

Basi ndiyo maana mnaniona leo sikusubiri kuulizwa. Nilikiharibu bila kujua, halafu nikajua, halafu nikamimina chai huku watoto wawili wa watu wanajilaumu mbele yangu. Siku nyingine nikikosea, na nitakosea tu, najijua, nitasema papo hapo, hata kama sauti itanitetemeka na hata kama Bibi Huang na karakana yake nzima wako dirishani. Sitarudia kumwacha mtu abebe langu.